Lenzi za Marehemu na Kamera ya Binti



Wiki hii nimeyaweka kando maswali mengine ili nijibu barua ya mama mmoja wa Kisauni, ambaye jina lake nalisitiri kama alivyoniomba. Mumewe alifariki akamwachia watoto watatu, na miongoni mwa alivyoviacha ni kisanduku chenye lenzi tatu za kamera ya filamu aina ya Olympus, alizozitumia tangu ujana wake. Binti yao mkubwa hupiga picha za harusi upande wa wanawake, na ujira wake ndio unaosaidia karo ya wadogo zake. Anayo kamera ya Sony, ile ya kisasa isiyo na kioo ndani, na lenzi moja tu iliyokuja pamoja na kamera yenyewe. Mchana inamtosha, usiku ukumbini, taa zikipunguzwa, picha hutoka zenye giza na chengachenga. Sasa amejitokeza mfanyabiashara anayetaka kuzichukua zile tatu kwa bei ya jumla, akisema ni vyuma vya kale visivyofaa kitu kwa kamera za leo. Mama anauliza: tuuze tuongezee tumnunulie binti lenzi mpya, au hizi za babake zaweza kumfaa?

Huenda msomaji akastaajabu swali kama hili kuletwa kwa mwalimu wa madrasa. Mimi sikustaajabu. Kwa miaka mingi nimekuwa nikipiga picha kurasa za hati za kale ambazo wadudu wanazimaliza, na kazi hiyo naifanya kwa lenzi za kuzungushwa kwa mkono, kwani ukurasa haukimbii.

Jawabu langu, dada yangu, ni kwamba lenzi hizo zaweza kutumika, wala zisiuzwe kabla ya kujaribiwa. Walakini zisibebeshwe kazi isiyokuwa yao. Sasa nieleze.

Kamera za filamu za zama za marehemu, zile ambazo mpiga picha hutazama kupitia lenzi yenyewe, zilikuwa na kioo cha kuakisi kilichoinamishwa nyuma ya lenzi. Kioo hicho kiliipandisha taswira hadi kwenye dirisha la kutazamia. Kidole kikibonyeza, kiliruka juu na kuipisha nuru iende kwenye filamu. Kwa kuwa kilihitaji nafasi ya kurukia, lenzi ilibidi ikae mbali. Katika Olympus za jamii ya OM, umbali kutoka kitako cha lenzi hadi kwenye filamu ni milimita 46. Sony ya binti haina kioo cha namna hiyo. Taswira huisoma moja kwa moja kutoka kwenye sensa, na umbali wake ni milimita 18 tu. Ukitoa hizi katika zile zinabaki milimita 28, na nafasi hiyo ndiyo inayojazwa na pete ya chuma iitwayo adapta: upande mmoja huishika lenzi ya Olympus, upande wa pili huingia kwenye Sony. Ndani yake hamna kigae, hamna waya, hamna umeme. Ni uwazi mtupu wenye urefu unaotakiwa, na kwa sababu hiyo bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na ya lenzi yoyote mpya.

Kinyume chake hakiwezekani. Lenzi iliyoundwa kukaa milimita 18 huwezi kuitia kwenye kamera inayotaka 46, maana hakuna pete ya kuondoa umbali uliokwishakuwapo. Kwa hivyo kamera hizi mpya zisizo na kioo zimekuwa kama nyumba yenye baraza pana, zikapokea takriban lenzi za kila ukoo: Nikon ya zamani yenye milimita 46.5, Pentax yenye 45.46, Canon ya FD yenye 42, hata zile ndogo za Leica zenye 27.8. Huyo aliyesema hazifai kitu, ama hajui, ama anajua sana.

Na hizi za Olympus zina sifa yao. Kundi lililoziunda liliongozwa na mhandisi wa Kijapani, Yoshihisa Maitani, ambaye alichoshwa na uzito wa kamera za wakati wake. Kamera yao ilitoka mwaka 1972 kwa jina la M-1. Kampuni ya Leica, iliyokuwa ikitumia herufi M tangu 1954, ikalalamika, na ndipo ikaitwa OM-1. Lenzi zake ziliumbwa kwa azma ile ile ya wepesi. Ile ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8 ina uzito wa gramu 170 hivi. Barua inanieleza kwamba nyingine mbili ni 28 ya f/3.5 na 135 ya f/3.5, zote tatu hupokea kichujio cha kipenyo kimoja, milimita 49, hata kimoja kikinunuliwa kinazitosha zote. Mwanamke anayesimama kwa saa sita katika buibui, begi begani, atajua thamani ya jambo hili bila ya mimi kulifafanua.

Natija kubwa zaidi ni nuru. Lenzi inayouzwa pamoja na kamera kama ya binti, ikivutwa hadi milimita 50, aghalabu haifungui zaidi ya f/5.6. Ile ya babake hufungua hadi f/1.8. Hesabu yake ni kuzigawa namba hizo na kulizidisha jawabu kwa lenyewe: nuru inayopita ni zaidi ya mara tisa. Giza la ukumbini analolilalamikia lilikuwa na dawa yake ndani ya kisanduku cha nyumbani.

Haya, na ugumu uko wapi? Uko vidoleni.

Hadi mwaka 1985, Minolta ilipotoa kamera yake ya 7000 yenye kujifokasi na ikapendwa na watu wengi, aliyetaka picha kali kwa kamera za aina hii alizungusha pete mwenyewe. Picha za mama na bibi zetu zilizopigwa katika Bakor Studio ya Lamu au Parekh Studio ya Mombasa zilifokasiwa na mkono wa mtu aliyejua anachokitafuta. Binti wa leo amekulia katika kamera inayolitafuta jicho la bibi harusi na kulifuata lenyewe. Akiingia kwenye lenzi ya babake bila mazoezi, atarudi nyumbani na picha mia za ukungu. Nasema hivi si kwa kumvunja moyo, bali ili mazoezi yafanyike nyumbani, kwa wadogo zake wakicheza uani, wala si kwenye harusi ya mtu aliyelipa.

Mambo ya kutengeneza ni machache. Katika menyu ya kamera mna amri inayoiruhusu kupiga picha hata isipoitambua lenzi. Ikiwa imezimwa kamera itagoma, na wengi hapo hudhani adapta ni mbovu wakairudisha dukani. Tundu la lenzi litapangwa kwa pete iliyo kwenye lenzi, kwa kuwa kamera haiwezi kuliamrisha. Akiiweka kamera kwenye alama ya A, yenyewe itachagua kasi ya kufunga na kufungua. Kasi hiyo aiangalie, na kwa lenzi ya 50 isishuke chini ya 1/125, kwani lenzi ya kale haina cha kutuliza mtikisiko wa mkono, na kamera nyingi za ukubwa huo hazina pia.

Kuhusu fokasi yenyewe, kamera humpa misaada miwili. Wa kwanza ni rangi: kingo za vitu vilivyo makini hupakwa wekundu au unjano kwenye skrini, na rangi hiyo husogea pete inapozungushwa. Wa pili ni kuikuza sehemu moja ya picha mara kadhaa ili kuitazama kwa karibu. Vijana wengi hutosheka na rangi. Mimi siiamini peke yake, hasa tundu likiwa wazi sana, kwa maana rangi ni karimu kupita kiasi: hukupaka nyusi, jicho na sikio kwa pamoja, hali kilicho kali kweli ni nyusi tu. Rangi imfikishe karibu, kisha akuze, atazame kope, azungushe kidogo mbele na nyuma, ndipo abonyeze.

Vipimo vinaonyesha kwa nini nasisitiza. Kwa sensa ya ukubwa wa APS-C, ambayo naona ndiyo iliyomo katika kamera aliyoitaja, lenzi ya 50 ikifunguliwa f/1.8 na bibi harusi akiwa mita moja na nusu, sehemu iliyo kali ni sentimita sita na nusu hivi, kutoka mbele hadi nyuma. Bibi harusi akivuta pumzi na kuegemea mtoni, amekwishatoka. Akirudi nyuma mita tatu na kulifunga tundu hadi f/4, sehemu hiyo inapanuka ikawa zaidi ya nusu mita, na kazi inakuwa nyepesi. Atapoteza nuru kiasi, lakini bado atakuwa na maradufu ya ile ya lenzi yake ya sasa.

Ile ya 28 ina siri nyingine nzuri, na hapa ndipo lenzi ya kale inapoishinda mpya nyingi. Kwenye mwili wake mmechorwa namba za masafa, na pembeni yake mistari inayoonyesha, kwa kila tundu, kuanzia wapi hadi wapi patakuwa pakali. Mchana uani, akiweka f/8 na masafa ya mita tano, kila kitu kuanzia mita mbili na nusu hadi upeo wa macho kitatoka sawa, na hatakuwa na haja ya kuigusa pete tena. Wala kamera haitafuti-tafuti. Ni kubonyeza tu. Watoto wakikimbia, mama wakipokeana kwa vigelegele, hakuna kamera iliyo na haraka kuliko hiyo iliyokwishaamua. Tanbihi moja: mistari hiyo ilipimwa kwa filamu, ambayo ni kubwa kuliko sensa yake. Akiweka f/8, na aisome mistari ya f/5.6. Na alama ya upeo, ile iliyoandikwa kama nane iliyolala, asiitegemee kwa upofu, maana adapta nyingi huchongwa fupi kidogo na pete huipita alama kabla ya kusimama. Ajaribu kwa kuitazama minara ya mbali, aone pete yasimama wapi kwa kweli.

Sensa hiyo ndogo inabadilisha pia upana wa kuona. Lenzi ya 50 itaona kama inavyoona 75 kwenye filamu, nayo ni nzuri kwa sura za watu. Ya 28 itakuwa kama 42. Ya 135 itakuwa kama 200, na ndani ya nyumba zetu itamlazimu asimame chumba cha pili.

Sasa niseme wapi zitumike na wapi zisitumike, na hapa mama anisikilize kwa sababu ndipo ilipo riziki. Usiku wa kupamba, bibi harusi anapoingia, mtandio usoni, wanawake wamesimama na simu zao juu, taa zinabadilika rangi, na mwendo ule hautarudiwa: hapo lenzi ya kujifokasi ndiyo iliyo sahihi, hata kama ni dhaifu wa nuru. Aliyelipwa kuihifadhi dakika hiyo hana ruhusa ya kuifanyia majaribio. Lakini harusi si dakika hiyo peke yake. Ziko hina zinazokauka mikononi, vikuba vya asumini, kofia na kanzu zilizokunjwa kwenye sinia, pete, mashada, bibi harusi aliyeketishwa kimya kabla ya ukumbi kufunguliwa, nyanya aliyekaa kitini akingoja. Vyote hivi vimetulia, na vyote vimetulia kwenye nuru ndogo. Hapo lenzi ya 50 ya marehemu ina nafasi yake. Hukaribia hadi sentimita 45, na nyuso huzitoa kwa upole ambao lenzi nyingi za leo, kwa ukali wake, hazina, nyanya hawatamlalamikia. Asipige tu kuelekea taa au dirisha bila kuikinga lenzi kwa kofia yake au kwa kiganja, kwani vigae vya zamani havikupakwa dawa za kuzuia mng'ao kwa wingi kama vya sasa, na rangi hufifia.

Kwa hivyo rai yangu ni kwamba lenzi zibaki, anunue adapta, na fedha zitakazopatikana polepole ziwekewe lenzi moja ya kujifokasi yenye tundu pana kwa ajili ya ule mwendo wa ukumbini. Kuuza tatu kwa bei ya jumla ili kuongezea moja ni kuuza ngalawa ili ununue kasia.

Kuna atakayeuliza kuhusu lenzi mpya zilizoundwa kwa mtindo wa zamani, ndogo, za chuma, za kuzungushwa kwa mkono. Zipo na ni nzuri. Jina la Voigtländer lilianzia Vienna mwaka 1756, na lenzi za jina hilo leo huundwa Japani na kampuni ya Cosina. Zeiss nao walitoa za Loxia kwa ajili ya Sony kuanzia 2014. Baadhi yake zina viunganisho vya umeme, hata kamera huikuza picha yenyewe pete inapoguswa. Bei yake, lakini, ni ya mtu asiyetegemea ujira wa Jumamosi. Zipo pia za Uchina, TTArtisan na 7Artisans, zilizo rahisi zaidi. Mwenye kisanduku cha urithi hana haraka nazo. Tena atakayenunua zile pana za jamii ya Leica, ziwe za kale au mpya, ajue kwamba kitako chake hukaa karibu sana na sensa na nuru huingia kwa mshazari; kwenye baadhi ya kamera pembe za picha hupakazika. Lenzi ya Olympus, kwa kuwa ilijengwa kukipisha kioo, imesalimika na hilo kwa kiasi kikubwa.

Wala asidhani atapata jambo lile lile kwa kuzima fokasi ya lenzi yake ya kisasa. Pete ya nyingi katika hizo haikushikana na vigae. Ni swichi inayotuma habari kwa mota. Huzunguka bila kikomo, na vidole havijui viko wapi. Pete ya kale ina mwanzo na mwisho, na baada ya miezi michache mkono huijua mita mbili bila ya jicho kutazama.

Liko jambo ambalo barua haikuuliza nami siwezi kulinyamazia. Lenzi zile ni sehemu ya tirka. Hata zikionekana kama vyombo vya kuchezea, zina thamani, na warithi wote wana haki humo, wakiwamo wadogo. Kabla ya binti kuzichukua kuwa zake, au mama kuziuza, zikadiriwe bei na mtu asiye na nia ya kuzinunua, kisha zihesabiwe katika fungu lake. Ndugu wakikubaliana azitumie kwa manufaa ya nyumba, na ijulikane hivyo kwa maneno yaliyo wazi.

Limebaki la unyevu, nalo kwetu pwani ndilo linaloua lenzi kuliko kuanguka. Mama ameandika kwamba ndani ya ile ya 135 kunaonekana kitu kama utando wa buibui. Hiyo ni kuvu. Huota kwenye kigae hewa ikiwa na unyevu mwingi na lenzi ikikaa gizani muda mrefu, na ikiachwa huila dawa iliyopakwa juu ya kigae hata alama yake haitoki tena. Hiyo isichanganywe na wenzake, wala isifunguliwe nyumbani kwa bisibisi ya cherehani. Apelekewe fundi wa lenzi, amuulize kwanza gharama, na ikiwa ni kubwa kuliko thamani yake, aiache. Mbili zilizobaki azimulike kwa tochi, atazame kutoka nyuma tundu likiwa wazi kabisa. Vumbi kidogo si neno. Azungushe pete ya tundu pia aone vipande vyake vinafunga upesi na ni vikavu, bila mafuta.

Pa kuzihifadhi si lazima kabati la umeme. Bakuli la plastiki la kuwekea chakula, lenye kifuniko kinachobana barabara, pamoja na pakiti za silika jeli zinazobadilishwa au kukaushwa zinapochoka, linatosha. Asitie mchele, una vumbi. Na akitoka kwenye ukumbi wenye kipoza hewa kuingia joto la nje, lenzi ibaki ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa, ipate joto polepole, kwani umande utaganda juu ya kigae na mwingine ndani asipoweza kuufuta. Ama kile kisanduku cha ngozi cha marehemu, najua ni kumbukumbu, lakini ngozi hunywa unyevu na ndiyo iliyoilea kuvu ile. Kiwekwe mahali pakavu peke yake, bila lenzi ndani.